SOMO: PROGRAMU HURIA NA MIPAKA YA KUZIREKEBISHA

Watumishi na wananchi wengi hudhani kwamba programu ya kompyuta ikiitwa huria haina mwenyewe, na kwamba anayeipata ana hiari ya kuifanyia apendavyo. Dhana hiyo si sahihi. Programu huria ina mwenyewe, naye hutoa ruhusa kwa maandishi yaitwayo leseni. Bila ya ruhusa, kunakili, kutafsiri au kurekebisha kazi ya mtu kunabanwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 kwa Zanzibar.

Mfano wa karibu ni Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia mahesabu iliyotolewa kwa Kiswahili mwezi Desemba 2004. Kazi hiyo ilifanywa na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden. Watafsiri hawakuhitaji kununua ruhusa kutoka kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, mwenye programu mama, kwa sababu leseni ya LGPL ilikwisha kuwaruhusu.

Tuchukulie basi kwamba kijana wa Mtinko, mkoani Singida, anaichukua nakala hiyo na kugeuza maneno yaonekanayo kwenye kioo yawe ya Kinyaturu. Mipaka yake ni hii ifuatayo:

Kwanza, akiitumia mwenyewe hadaiwi chochote. Wajibu huanza pale anapompa mtu mwingine nakala.

Pili, akiigawa au kuiuza, kazi hiyo iliyotokana na ile ya awali sharti ibaki chini ya leseni ile ile. Anaruhusiwa kutoza malipo ya nakala, lakini aeleze alichobadili na tarehe yake, na ampatie mpokeaji msimbo chanzo, yaani maandishi ya mtunzi ambayo programu hutengenezwa kwayo. Aidha, hawezi kumzuia mpokeaji kuinakili na kuigawa naye.

Tatu, akitunga programu yake mbali, kwa mfano ya hesabu za ghala la alizeti, ambayo inasoma tu majalada yaliyoandikwa kwa Jambo OpenOffice, hiyo ni kazi yake mwenyewe na anaweza kuiwekea masharti yake.

Nne, leseni humpa mtu kazi, haimpi jina. Mwaka 2010 baadhi ya watunzi walijitenga na OpenOffice.org. Msimbo waliuchukua kihalali, lakini jina lilibaki kwa kampuni ya Oracle, nao wakaiita programu yao LibreOffice.

Ifahamike pia kwamba leseni hazilingani. DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo unaotumika kukusanya takwimu za afya Bara na Visiwani, umetolewa kwa leseni ya BSD. Hiyo humruhusu mtu kuurekebisha na hata kuuficha msimbo wake, mradi ahifadhi tamko la hakimiliki na asitumie jina la chuo kunadi bidhaa yake bila ya idhini.

Anayekiuka masharti ya LGPL hupoteza ruhusa, na nakala atakazotoa baada ya hapo huwa ni uvunjaji wa hakimiliki. Wala hasara haiishii kwake. Ofisi iliyopokea mfumo bila ya kudai msimbo chanzo hubaki mikononi mwa fundi mmoja. Siku akiondoka, hakuna awezaye kuurekebisha.

Hivyo basi, maofisa wanaopokea mifumo ya kompyuta wanashauriwa kuuliza mambo matatu kabla ya kutia saini: mfumo umetokana na kazi gani, umetolewa kwa leseni ipi, na msimbo chanzo wake umehifadhiwa wapi. Majibu yaandikwe na kuwekwa katika jalada la ofisi pamoja na mkataba.