Ajali Ndogo kwenye Barabara ya Bugarama Wakati wa Mvua

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya RN1 unaliacha bonde la Ziwa Tanganyika kwenye kimo cha mita 800 hivi, na kabla hujakaa vizuri kitini uko Bugarama, juu ya mita 2,000. Ni kona juu ya kona, na msimu wa mvua ukungu huishukia lami hata mchana. Mvua za kwanza ndizo mbaya kuliko zote: vumbi la kiangazi na oili iliyodondoka kwenye malori hulowana pamoja, barabara ikawa kama imepakwa sabuni. Gari lenye breki nzima nalo huserereka.

Mkigongana, hata kama ni bampa tu iliyopasuka, cha kuogopa ni lori linaloteremka nyuma yenu. Breki zake zimeshapata moto, na dereva hawaoni mpaka amalize kona. Kwa hiyo msibishane barabarani. Vuta breki ya mkono, washa taa za tahadhari, weka jiwe kwenye tairi, kisha watoe watu wote nje ya lami, wasimame upande wa juu wa gari; likisukumwa, litaelekea chini. Pembetatu iwekwe kabla ya kona, siyo ndani yake. Huna? Kata matawi mabichi uyapange pembeni mwa njia, pande zote mbili.

Halafu angalia mtaroni na chini ya gari. Barabara hii ni ya waendesha baiskeli pia: wanateremka mbio na ndizi au makaa, na wakati wa kupanda wengine hujishikiza nyuma ya malori. Aliyegongwa mara nyingi huinuka, akajipangusa tope, akasema si kitu, kwa sababu roho yake iko kwenye mzigo uliomwagika. Usiridhike na jibu hilo. Akilalamikia shingo au mgongo, msimwinue ovyo, isipokuwa pale alipo kuna hatari ya kugongwa tena. Akitapika, akisinzia, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kumuuma, hata saa kadhaa baadaye, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Kumpa noti chache na kuwasha gari ni kumdhulumu. Akizidiwa usiku, familia yake haina jina lako, namba ya gari wala bima yako. Mwandikie vyote, na umpe simu unayoipokea.

Kama hakuna aliyeumia, piga picha zinazoonyesha magari, kona na alama za tairi, kisha sogezeni magari pembeni. Kukiwa na majeruhi au ubishi, iteni polisi wa rulaji, yaani wa usalama barabarani. Kwenye konsta, yaani fomu ya maelezo ya ajali, chora na uandike ulichokiona. Usitie saini karatasi yenye nafasi tupu. Gari la mwenzako likiwa na namba za Kongo au Tanzania, mwombe Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini imo katika mpango huo wa bima. Wajulishe watu wa bima yako siku hiyohiyo.

Kabla ya kuendelea, inama uangalie kama rejeta inavuja au bodi inagusa tairi. Teremka kwa gia ndogo. Taa ikiwa imevunjika na ukungu umefunga, liache gari mahali salama na upande jingine.