Taa ya Oili Ikiwaka na Magunia Yamo Garini



Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yakikauka, pikapu haipumziki: shambani hadi ghalani, ghalani hadi sokoni, vumbi na vilima, mzigo umejaa. Katika pilika hizi ndipo taa nyekundu ya oili, ile yenye alama ya birika linalodondosha tone, huwaka ghafla kwenye dashibodi. Wapo wanaosema "hiyo ni sensa tu" wakaendelea na safari. Wapo wanaokubali injini ifunguliwe siku hiyohiyo. Wote wanacheza na fedha ya mavuno. Pima presha ya oili kwanza, ndipo uamue.

Taa ikiwaka ukiwa njiani, egesha mahali salama na uzime injini papo hapo. Usijiambie utafika kijiji cha mbele. Beringi za krenki zikikosa oili, chuma husaga chuma, na injini inaweza kunoki ndani ya dakika chache.

Gari likiwa mahali tambarare, subiri dakika kama 10 oili ishuke. Chomoa stiki ya oili, ifute, irudishe, ichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza ya aina ileile, kisha tafuta inapovujia. Ikiwa imepanda na inanuka dizeli, au imegeuka rangi kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Dizeli au maji yameingia; gari livutwe hadi kwa fundi.

Oili ikiwa sawa, sasa ikague sensa. Katika pikapu nyingi za zamani sensa ni kidude chenye waya mmoja, kimefungwa kwenye bloku ya injini. Presha isipokuwepo, kinaunganisha waya na chuma cha injini, taa inawaka. Presha ikipanda, kinaachanisha, taa inazima. Basi geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa iwake. Chomoa waya kwenye sensa: taa izime. Ikikataa kuzima, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani.

Mwaka mmoja pikapu yangu ilipatwa na jambo hilo. Fundi wa kwanza alitaka kushusha injini. Wa pili alichomoa waya, taa ikabaki inawaka. Tulipoufuata ule waya tukakuta panya wameutafuna, kwa kuwa nilikuwa nikiegesha ubavuni mwa ghala la mahindi. Tulipima presha ili tuwe na hakika, ikawa nzuri. Kipande cha waya na tepu ya umeme vilimaliza kazi.

Ikiwa taa ilizima ulipochomoa waya, usishangilie bado. Hapo umejua waya ni mzima, lakini hujajua kama sensa imekufa au presha imeshuka kweli. Jibu linatoka kwenye geji. Fundi afungue sensa, afunge geji ya presha kwenye tundu lake, kisha injini iwashwe. Kipimo sahihi kimo kwenye kitabu cha gari lako. Mafundi wengi hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa imepata moto. Geji ikionyesha presha nzuri, badilisha sensa. Ikionyesha presha duni, usipakie hata gunia moja hadi chujio la sampu, pampu na beringi zikaguliwe.

Unapofunga sensa mpya ya waya mmoja, usizungushie tepu nyingi ya bomba, maana sensa inapata ethi kupitia hesi zake. Tepu ikizuia, taa haitawaka hata siku ya hatari. Usikaze kupita kiasi pia. Kwa magari mapya ambayo sensa yake ina nyaya tatu na inaongea na kompyuta, usigusishe waya kwenye bodi. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia.

Kila alfajiri kabla ya kupakia, geuza ufunguo uitazame taa. Lazima iwake, kisha izime sekunde chache baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa, hilo nalo ni kosa la kutengenezwa. Na mtu akikushauri ukate waya ili taa isikusumbue, mkatalie. Taa hiyo ndiyo mlinzi wa injini yako, na injini ndiyo inayofikisha jasho lako sokoni.