Kabla Hujalipia Kitu cha Kale: Somo kwa Wapenzi wa Vya Zamani Pwani

Mwaka jana niliona picha ya redio ya mbao mtandaoni, sawasawa na ile iliyokuwa sebuleni kwa babu yangu Malindi. Muuzaji akasema yuko Mariakani, na kwamba kuna mteja wa Watamu anaitaka jioni hiyo hiyo. Nikitaka aniwekee, nitume shilingi 3,500 za kwanza. Kabla sijathibitisha malipo, jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake. Nikajiambia labda ni laini ya mkewe. Nikabonyeza.

Hadi leo redio sijaiona. Na kazi yangu ni kuelimisha wateja kuhusu malipo! Aibu niliyoipata ndiyo iliyozaa somo hili.

Kama nawe unapenda vya kale, iwe leso za bibi, sarafu zenye tundu, kiti cha Kilamu au Peugeot 504, soma hadi mwisho. Kuna mambo matatu ya kujua: kitu ni cha kweli au la, kinaruhusiwa kuuzwa au la, na pesa zitoke lini.

1. Unauziwa hadithi, kwa hivyo ihakiki

Bei ya sufuria mpya unaijua kwa kuzunguka maduka mawili matatu. Kitu cha kale hakina bei ya rafuni. Muuzaji anakwambia "hii ilikuwa ya bwana mkubwa enzi za ukoloni", na bei inapanda kwa maneno hayo tu. Usibishane naye. Kiulize kitu chenyewe.

Leso. Maandishi ya "Mali ya Abdulla" hayathibitishi kwamba leso ni ya zamani. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza 1887, na leso zenye alama hiyo zinachapishwa hadi sasa. Tazama kitambaa. Omba ruhusa uchomoe uzi mmoja pembeni uuchome. Pamba huungua kama karatasi ikabaki jivu. Polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Ukiambiwa leso ni ya miaka ya hamsini na uzi ukayeyuka, rudisha simu mfukoni.

Sarafu na noti. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na Kenya ikatoa pesa zake yenyewe 1966. Zile senti 10 za tundu zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hivyo uzee peke yake hauzifanyi kuwa adimu. Usizisugue zing'ae, maana wakusanyaji hulipa kidogo kwa sarafu iliyosuguliwa. Na noti ya zamani ya shilingi 1,000? Ilikoma kuwa pesa halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Mtu akikuuzia kwa ahadi kwamba "benki bado inabadilisha", kataa.

Samani. Geuza kiti juu chini. Upande usioonekana hausemi uongo kirahisi. Kazi ya mkono huacha alama zisizolingana, na mbao iliyozeeka hubadilika rangi hata ndani ya maungio. Skrubu za kichwa cha nyota zilianza kutumika miaka ya 1930. Ukizikuta kila mahali kwenye kiti "cha mwaka 1900", basi ama kimetengenezwa upya ama kimeundwa juzi. Kiti kipya cha mtindo wa zamani si kibaya. Mafundi wetu wa Pwani wana mikono ya dhahabu, nawe nunua kwa furaha. Ila lipa bei ya kipya.

Gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo mtu akisema atakuletea 504 kutoka ng'ambo kama gari la kawaida, muulize kwa njia gani. 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na wapenzi wake bado wapo. Kama lililopo hapa limekuvutia, fanya upekuzi wa kumbukumbu zake NTSA kupitia eCitizen, kisha linganisha namba ya chesisi kwenye kitabu na ile iliyo kwenye bodi. Jina la mwenye kitabu ndilo jina unalolipa.

2. Kuna vitu ambavyo si vya kuuzwa

Hapa naomba tutulie kidogo, hasa sisi wa Kilifi.

Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, anayowekewa marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu miongoni mwa Wamijikenda. Haihamishwi. Husimama pale hadi ioze yenyewe, kwa sababu ni makao ya roho ya mzee. Lakini kwa miaka mingi vigango vimeng'olewa usiku na kuuzwa kama "sanaa ya Kiafrika".

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya familia yake. Aliporudi kumpelekea picha, akakuta vimeibwa. Baadaye vilionekana Marekani, kimoja katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State, kingine katika ya Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirudishwa kwa familia 2007, zaidi ya miaka 20 baadaye. Mzee hakuwa hai kuviona. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo yakatangaza kurudisha vigango 30.

Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mnunuzi wa kwanza, mtu aliyelipa bila kuuliza. Usiwe wewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Taifa ya 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na pia milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946. Biashara ya vitu hivyo inahitaji leseni, na kuvipeleka nje kunahitaji kibali. Ukiuziwa mlango wa zamani wa Mji wa Kale, omba karatasi. Huna uhakika? Ulizia ofisi ya makumbusho iliyo karibu nawe kabla ya kulipa. Na kiti cha enzi kilichopambwa kwa pembe ya ndovu, kiache. Biashara ya pembe ni hatia.

3. Sasa, pesa

Ukisharidhika na kitu, fuata mpangilio huu:

Kwanza, kione. Kama ni mbali, omba video, si picha. Mwambie ataje jina lako na tarehe ya leo huku akikigeuza kitu. Picha huibwa, video ya namna hii ni vigumu kuiba.

Pili, soma jina kabla ya kuthibitisha. Likitofautiana na la muuzaji, simama. Hapo ndipo mimi nilipokosea. Muuzaji mwenye duka mwombe nambari ya till badala ya namba yake binafsi.

Tatu, malipo ya kwanza yawe kiasi ambacho ukikipoteza utalala usingizi. Mwandikiane kwa ujumbe: kitu gani, bei gani, kimebaki kiasi gani, na kama pesa zinarudi kikiwa na kasoro.

Nne, mlipe salio ukishakishika mkononi. Kama kinakuja kwa basi au boda, mtume ndugu au rafiki akikague upande wa pili.

Tano, ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiachilie leso ya bibi kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi upo. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Kumbuka pia kwamba huduma ya kurudisha pesa imewekwa kwa aliyekosea namba. Ukimtumia tapeli kwa hiari yako naye akatoa pesa dakika hiyo hiyo, kuzipata ni kazi ngumu. Ripoti haraka, kwetu na polisi, na uhifadhi ujumbe wote. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Jipime

Umeoneshwa sarafu ya tundu kwa shilingi 8,000, muuzaji anasema ni ya mwaka 1924 na lazima utume sasa hivi. Utafanya nini?

Kama umejibu "nitasubiri nione, nilinganishe bei, nisome jina", umefaulu. Sarafu imengoja miaka mia moja. Itangoja hadi kesho. Muuzaji asiyeweza kungoja hadi kesho ndiye wa kuogopwa.

Redio ya babu bado naitafuta. Nikiipata, nitaiwasha kwanza, niisikie ikiongea, ndipo nilipe.