ULANGUZI SI KUUZA TU

Muhula uliopita nilikuwa steji hapa Kaloleni nikingoja matatu. Jamaa nisiyemjua akanijia na bahasha ya kaki. "Dogo, nipelekee hii Mariakani, kuna mtu atakupokea. Nauli hii hapa." Mkono wangu ulikuwa ushanyooka! Nikamwuliza, "Ndani mna nini?" Akanuna, akaenda zake na bahasha yake. Mpaka leo sijui mlikuwa na nini, lakini usiku ule sikulala vizuri. Ndipo nikaanza kuisoma mada hii, na si kwa ajili ya mtihani pekee.

Tuanze na maana. Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya ilitungwa mwaka 1994 na kurekebishwa 2022. Humo, ulanguzi ni pamoja na kuingiza dawa nchini, kuzitoa nje, kutengeneza, kununua, kuuza, kupeana, kuweka, kubeba, kufikisha na kusambaza. Umeona? Kuuza ni neno moja tu. Ukiandika kwamba mlanguzi ni muuzaji, umejibu nusu ya swali.

Pili, dawa zenyewe. Heroini hutokana na afyuni, yaani utomvu wa mpopi. Kokeini hutokana na majani ya koka, zao la Amerika Kusini. Bangi ni mmea wenyewe. Mnazi wetu nao hulevya, ila uko chini ya sheria ya vileo ya 2010, usiuchanganye.

Tatu, njia. Kwa miaka mingi heroini ya Afghanistan imeshushwa hadi pwani za Irani na Pakistani, ikapakiwa majahazini, ikavushwa Bahari ya Hindi hadi pwani yetu, kisha ikaendelea Ulaya. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilinasa kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Kabla ya hapo, Desemba 2004, kokeini ya zaidi ya tani 1 ilikamatwa Malindi na Nairobi. Malindi si mbali, jamani! Shehena kubwa ikishashuka hugawanywa vifurushi vidogo, na kifurushi hutaka mbebaji asiyeshukiwa. Nani hashukiwi kama mwanafunzi aliyevaa sare?

Nne, waliokwisha kunaswa na unga. Hao ni wagonjwa, tusiwacheke. Malindi kuna mradi wa Omari, ulioanza 1995, na hospitali ya huko ilianza kutoa methadoni 2015 kuwasaidia kuacha heroini.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bahasha ile ilikuwa nyepesi kweli, lakini ningeibeba mimi, na mahakamani ningesimama mimi.

Jipime:
1. Taja vitendo vitano vya ulanguzi kisheria.
2. Eleza safari ya heroini hadi pwani yetu.
3. Ukipewa bahasha steji, utasema nini?

Swali la tatu halimo mtihanini. Lijibu kwanza.

Mwanachama, Kidato cha Tatu