Mpungate, Adui wa Malisho ya Laikipia

Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii yawafaa sana wenye mifugo wa Laikipia, kwa kuwa adui aliyeingia katika malisho yao aliletwa kwa nia njema. Wakati wa ukoloni mpungate ulipandwa Doldol, kaskazini ya Nanyuki, uwe ua wa nyumba. Asili yake ni bara la Amerika. Leo umefunika sehemu kubwa za malisho ambayo ng'ombe na mbuzi hutumia pamoja na ndovu, twiga na punda milia.

Hasara yake ni ya namna mbili. Kwanza, palipo na mpungate nyasi hupungua, na njia za wanyama huzibwa. Pili, matunda yake mekundu yana miiba midogo kama nywele. Mbuzi akiyala, miiba humchoma midomo, ulimi na ufizi, na pengine huingia machoni. Hupata vidonda, hushindwa kula, hukonda, na mwisho hufa. Mwenye mbuzi hao hukosa maziwa na karo ya watoto.

Yafaa kujua jinsi mmea huu unavyoenea. Ndovu, nyani na mbuzi hula matunda, kisha huangusha mbegu mbali pamoja na mavi yao. Tena, kila bapa likianguka chini huota mizizi na kuwa mmea mpya. Kwa hiyo mtu aukataye mpungate kwa panga na kuyaacha mabapa yametapakaa, huyo hakuuondoa, bali ameupanda.

Basi, dawa yake ni nini? Mahali palipo na mipungate michache, ing'olewe pamoja na mizizi ingali midogo, kabla ya kuzaa. Mabapa na matunda yote yakusanywe kwa uma, si kwa mikono mitupu, yakafukiwe katika shimo refu. Baada ya mvua mahali hapo pakaguliwe tena, na machipukizi yang'olewe.

Palipo na msitu wa mipungate nguvu za mikono hazitoshi. Hapo hutumiwa kidudu kiitwacho kochinili, kilicholetwa Laikipia katika miaka ya 2010. Hufyonza maji ya mpungate mpaka unyauke, wala hakili nyasi wala mazao ya shamba. Hujulikana kwa utando mweupe kama pamba, na kikipondwa hutoa rangi nyekundu. Watu huchukua mabapa yenye vidudu na kuyaweka juu ya mipungate mizima. Kazi hii yataka subira, na mipungate yenye utando huo isikatwe wala kuchomwa moto, maana vidudu vitakufa navyo ndivyo askari wenyewe.

Njia ya kutumia wadudu si ya kubahatisha. Huko Australia mpungate ulikuwa umefunika zaidi ya hekta milioni 20. Mwaka 1926 waliachiliwa nondo kutoka Argentina, ambao viwavi wao hula mabapa, na kabla ya miaka kumi kwisha sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa imesafishwa.

Lakini hata kidudu hakitaponya ardhi iliyo tupu. Mpungate hupenda mahali ambapo nyasi zimelishwa mpaka udongo ukaonekana. Hapana budi wazee wa malisho wapatane kuyapumzisha kwa zamu, ili nyasi zirudi. Jirani mmoja akisafisha na mwingine akiacha, ndovu atairudisha mbegu msimu ujao, kwa kuwa yeye hajui mpaka.