SOMO LA FAMILIA: Tujifunze Kiingereza Sokoni, Hospitalini na Nyumbani

Masomo ya kusoma kwanza: Danieli 1:3-6; Matendo 18:1-3; 1 Wakorintho 14:9-11; Nehemia 13:23-24.

Tunawasalimu ninyi mnaoishi hapa Kikorongo, Bwera na Kasese, pamoja na ndugu zetu walioendelea mbele hadi Kyaka II, Rwamwanja na Nakivale. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo linalozisumbua familia nyingi zilizovuka Mpondwe, yaani lugha ya Kiingereza.

1. Kwa nini tunachelewa kujifunza

Sababu ya kwanza ni kwamba hapa tunaelewana na watu haraka. Anayesema Kinande akifika soko la Lhubiriha hukuta Lhukonzo karibu sawa na lugha ya mama yake. Atauza maharage, ataomba maji, atacheka na majirani, na siku zitapita. Asiyejua Kinande hutumia Kiswahili, na mpakani hapa wengi hukisikia. Hii ni neema ya Mungu, wala tusiidharau.

Lakini neema hiyo ina mwisho wake. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Uganda tangu uhuru wa mwaka 1962. Kiswahili kiliongezwa katika Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo fomu ya hospitali, ripoti ya mtoto, mkataba wa kazi na barua ya ofisi huandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Ruhusa hiyo ni kubwa, lakini asiyeweza kusoma tangazo la kazi hataitumia yote.

Sababu ya pili ni watoto. Mtoto hujifunza upesi, basi mzazi humfanya mkalimani. Tufikiri kidogo. Mama anaumwa ugonjwa wa siri, na kijana wake wa miaka 11 ndiye anayemweleza daktari. Mama ataficha nusu ya habari kwa aibu, na mtoto atabeba mzigo usio wa umri wake. Tena akikosea neno moja, dawa itakuwa nyingine. Mzazi akijua hata sentensi 20 za hospitali, amemtua mtoto mzigo huo.

2. Biblia inatuonyesha nini

Danieli na wenzake walichukuliwa mbali na kwao, wakafundishwa lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Waliijua vizuri, lakini hawakuacha kumwomba Mungu wao. Akila na Prisila walifukuzwa Roma, wakafika Korintho, wakaendelea na kazi ya kushona mahema kati ya watu wengine. Naye Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba watu wawili wasiojua maana ya maneno huwa wageni kila mmoja kwa mwenzake, hata wakiwa wamekaa pamoja.

Basi kujifunza lugha ya nchi iliyotupokea si kuikana nchi yetu. Upande wa pili, Nehemia alihuzunika alipoona watoto hawawezi tena kusema lugha ya Yuda. Kwa hiyo tuyashike yote mawili: Kiingereza kwa ajili ya kazi na shule, na lugha ya nyumbani kwa ajili ya nyumba. Usimkataze mtoto Kinande, Kihema au Kiswahili ukidhani unamsaidia.

3. Mitego tunayoanguka mara nyingi

(a) Yeye. Katika Kiswahili mume ni yeye na mke ni yeye. Katika Kiingereza mwanamume ni "he" na mwanamke ni "she". Ukisema "My husband is sick, she is at home," sokoni watacheka tu. Lakini katika mahojiano ya ofisi, neno hilo moja linaweza kuandikwa vibaya, na habari yako ikaonekana haipatani. Ukiwa na wasiwasi, rudia jina la uhusiano: "my husband", "my sister". Na kama habari ni nzito, omba mkalimani bila aibu: "Please, I need an interpreter."

(b) Saa. Ofisi ikikwambia "nine o'clock in the morning", ni saa tatu ya asubuhi kwetu. Aliyesikia "nine" akafikiri ni saa tisa atafika alasiri, na mlango umefungwa. Njia rahisi ni hii: saa ya Kiswahili na saa ya Kiingereza hupishana kwa saa 6. Tena kumbuka kwamba Beni, Butembo na Kasindi ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Karibu na mpaka, simu inayoshika mtandao wa Kongo inaweza kuonyesha saa ya huko.

(c) Hesabu. "Fifteen" ni 15, "fifty" ni 50. Katika "fifteen" sauti inavutwa mwishoni. Katika "fifty" uzito uko mwanzoni, na mwisho ni mfupi. Hivyo hivyo "thirteen" na "thirty", "sixteen" na "sixty". Kati ya shilingi 15,000 na 50,000 kuna mshahara wa siku kadhaa. Usikubali bei bila kuuliza: "One five, or five zero?"

(d) Kifaransa. Waliosoma Kongo wana faida, kwa sababu maneno mengi yanafanana. Lakini mengine yanadanganya. "Demander" ni kuomba au kuuliza, ila "demand" ya Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Ukimwambia mkuu wa shule "I demand a place for my child," ataona umekuja kugombana. Sema: "I am asking for a place for my child." "Librairie" ni duka la vitabu, lakini "library" ni mahali pa kuazima vitabu. "Actuellement" ni sasa, lakini "actually" maana yake ni kwa kweli.

(e) Kiingereza cha hapa. Watu wa Uganda wana namna yao. Ukiwa unalima, mpita njia atakwambia "Well done." Hakupimi kazi, anakusalimu, jibu "Thank you." Ukijikwaa utasikia "Sorry," kama sisi tusemavyo pole. Katika taksi wakisema "Extend," wanaomba usogee. "Balance" ni chenji yako: "My balance, please." Na mtu akisema "I am coming" huku anaondoka, anamaanisha atarudi.

4. Kujifunza kwa kazi za kila siku

Si wote wenye nafasi ya kwenda darasani. Lakini kila mtu anakwenda mahali fulani kila siku, na mahali hapo panaweza kuwa darasa lake. Chagua mahali pamoja kwa juma moja, ujifunze sentensi tano tu za mahali hapo, uzitumie siku hiyo hiyo. Neno lisilotumika kabla ya jua kutua husahauliwa.

Juma la kwanza, soko. "How much is one kilo?" (kilo moja ni bei gani?). "Please reduce a little" (punguza kidogo). "I want two." "It is too much." "I will come back tomorrow." Ongea na muuzaji yule yule kila mara. Akikuzoea atakusahihisha kwa upole.

Juma la pili, hospitali. Ukienda Bwera au Kagando, uwe na haya: "My child has had fever for three days." "He is vomiting" kwa mvulana, "she is vomiting" kwa msichana. "I am pregnant, five months." Ukipewa dawa usiondoke bila kuuliza: "How many times a day? Before food or after food?" Mara nyingi kwenye bahasha huandikwa 1x3. Maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, wala si vidonge vitatu kwa mara moja. Kisha rudia mbele ya mhudumu: "One tablet, three times a day." Kurudia huko ni kujifunza na tena ni kulinda uhai.

Juma la tatu, njia. Hapa kwetu njia panda inatosha kuwa ubao wa mwalimu. Anayetoka Bwera akifika Kikorongo aseme: "Left to Kasese, right to Mbarara." Mpanda bodaboda aulizwe kabla ya kupanda: "How much to Kasese?" Halafu: "Stop here, please."

Juma la nne, shule. Uganda ina miaka 7 ya msingi, na mtihani wa mwisho hufanywa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2007 shule nyingi za vijijini hufundisha lugha ya mahali katika P.1 hadi P.3, na kugeukia Kiingereza P.4. Mtoto wetu anayeingia P.5 akitoka shule ya Kifaransa hakupita daraja hilo, ndiyo maana wengi hurudishwa chini. Usimpige wala kumwita mjinga, kwa maana hesabu anaijua, ila hajaelewa swali. Mwendee mwalimu, useme: "My child knows the work in French. How can we help with English?"

5. Desturi tatu za nyumbani

Kwanza, daftari moja la familia. Kila jioni kila mmoja alete neno moja alilosikia siku hiyo, hata baba. Mtoto akimfundisha mzazi, mzazi ashukuru, asione haya.

Pili, Biblia mbili. Chukua habari unayoijua sana katika Kiswahili, kwa mfano katika Injili ya Marko, ambayo sentensi zake ni fupi. Soma mistari mitano kwa Kiswahili, kisha mitano ile ile kwa Kiingereza, kwa sauti. Kwa kuwa maana unaijua tayari, maneno yatajieleza yenyewe. Tafsiri iitwayo Good News Bible ina Kiingereza chepesi.

Tatu, wakati wa kitenzi. Kila usiku sema sentensi tatu juu ya siku yako: "Yesterday I worked. Today I am working. Tomorrow I will work." Sisi twaweka li, na, ta ndani ya neno, wao wana namna yao, na haikai kichwani bila kurudiwa.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Ni mahali gani umeshindwa kueleza shida yako kwa sababu ya lugha? Andikeni sentensi tano za mahali hapo.
2. Nani katika nyumba yako anatumwa kutafsiri mambo makubwa kuliko umri wake? Nani mtu mzima kanisani anaweza kusimama badala yake?
3. Danieli alijifunza nini Babeli, na alikataa kuacha nini?

Zoezi la juma: kila mtu mzima amsalimu jirani mmoja kwa Kiingereza na kumwuliza swali moja. Ukikosea, sema tena. Wanaokijua vizuri wawasubiri wenzao wamalize sentensi, bila kucheka.

Tuombe: kwa ajili ya akina mama wanaokwenda hospitalini peke yao, watoto waliorudishwa madarasa ya chini, na walimu wanaowapokea. Mungu awabariki.