Siku Saba Barbados kwa Chaki na Ubao

Wenzangu wa Elimu mnaosubiri kwenda mazoezi ya kufundisha, naomba niwape somo moja lisilohitaji maabara wala projekta. Mada ni utalii, Jiografia Kidato cha Pili. Wengi wetu tunaifundisha kwa kuorodhesha faida: fedha za kigeni, ajira, miundombinu. Wanafunzi wanakariri, wanajibu mtihani, basi. Mimi niliigeuza. Wanafunzi ndio wakawa watalii, na kazi yao ikawa kupanga mapumziko ya usiku saba katika kisiwa cha Karibi, kuanzia pa kulala mpaka pa kula.

Kilichonisukuma ni swali. Shule niliyopangiwa iko mkoa wa Pwani, jirani na hoteli ya ufukweni, na binti mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mama yangu anauza samaki wa kukaanga pale karibu na geti la hoteli. Wageni wana hela, sasa kwa nini hawatoki kununua?" Jaribu kulijibu hilo kwa faida tano za utalii, uone.

Nilichagua Barbados kwa sababu inaingia ubaoni. Ina urefu wa kilomita 34 hivi, na eneo lake ni kama robo ya Unguja. Kingine, darasa zima lilimjua Rihanna, kwa hiyo sikupoteza dakika kumi kuwashawishi.

Tulianza na tarehe. Katikati ya Desemba mpaka Aprili ni kiangazi, wageni wanajaa na bei zinapanda. Juni mpaka Novemba bei zinashuka, ila ni msimu wa vimbunga. Vijana wakakimbilia Julai kwa sababu ya bei. Nikawasimulia Kimbunga Beryl cha Julai 2024, ambacho kilipita kusini mwa kisiwa, hakikutua, lakini kiliharibu mashua nyingi za wavuvi Bridgetown. Makundi mawili yakahamia Mei. Usafiri wa ndege nilipita haraka: hakuna ya moja kwa moja kutoka kwetu, na Mtanzania anayebadilishia ndege Marekani anahitaji viza hata kama hatoki nje ya uwanja. Hilo waliliandika kwa kununa.

Pa kulala ndipo muda ulipoishia, na sijutii. Nilichora kisiwa nikakigawa. Magharibi, kuanzia Holetown kwenda Speightstown, bahari imetulia na hoteli ni za watu wenye uwezo wao. Mashariki, Bathsheba, mawimbi ya Atlantiki yanapiga moja kwa moja. Ni pazuri mno kwa macho, na wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao wanapapenda, ila kuogelea ni hatari. Kusini, kuanzia Worthing, kupitia St. Lawrence Gap hadi Oistins, kuna nyumba za wageni na vyumba vyenye jiko, na mabasi yanapita muda wote. Fukwe zenyewe ni za umma, kwa hiyo anayelala kusini hazuiwi kwenda kuoga magharibi.

Hapo kila kundi likataka chumba cha bei rahisi. Nikawapa hesabu. Bei za vyumba na teksi nimezitunga, nauli ya basi ni ya kweli. Chumba A kiko kituoni kabisa, dola 90 za Marekani kwa usiku. Chumba B kiko mbali na njia ya basi, dola 75. Nauli ya basi ni dola 3.50 za Barbados popote uendapo, na dola mbili za kwao ni sawa na moja ya Marekani, yaani 1.75. Safari nne kwa siku ni dola 7, kwa siku saba 49. Wa chumba B anategemea teksi, ambayo haina mita, mnapatana bei kabla ya kupanda. Tukakadiria dola 30 kwa siku, yaani 210. Jumla: A ni 679, B ni 735. Hicho cha rahisi kimezidi kwa dola 56, na bado hujapika hata chai.

Kisha nikaweka chaguo la tatu: hoteli ambayo umelipia kila kitu mapema, kitanda, milo mitatu na vinywaji. Vijana wakashangilia. Nikawauliza, jioni mkisikia harufu ya samaki wa kuchoma nje, mtatoka? Mmoja akajibu, "Nitoke vipi, si nitakuwa nalipia chakula mara mbili?" Yule binti akatulia kidogo, halafu akasema, "Kumbe hawamkwepi mama. Walishakula kabla hawajapanda ndege." Tukaacha hesabu tukajadili hilo tu: hela ya mlo inalipwa nchi gani, na inamfikia nani kijijini. Sijawahi kuona mikono mingi vile ikinyooshwa.

Msosi wenyewe ni somo tamu. Chakula cha taifa cha Barbados ni cou-cou na samaki anayeruka. Cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia. Darasa lilisema ni ugali uliokutana na mboga njiani. Kuna mashelisheli pia, ambayo Waingereza waliyaleta Karibi mwaka 1793 ili kupata chakula rahisi cha watumwa. Asubuhi unakula mkate wenye samaki ndani, na Ijumaa usiku watu wanamiminika Oistins kula samaki wa kuchoma, wenyeji na wageni meza moja. Mahotelini na migahawani angalieni bili, mara nyingi asilimia 10 ya huduma imeshaongezwa. Kundi lililopanga kulala mapema Ijumaa liligundua linaikosa Oistins, likafuta ratiba yote na kuanza upya bila kuambiwa.

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha, ila pa kulala patakula kimoja kizima. Bango kitita moja kwa kila kundi, rangi mbili za kalamu. Kisiwa si lazima kiwe Barbados. Chagua chochote, mradi nauli yake ya basi unaijua.